Robo kilo si robo kikombe: kufundisha upishi na vipimo kwa programu za kompyuta darasani

Kabla hujawasha kompyuta yoyote, andika swali hili ubaoni: robo kilo ya unga na robo kikombe cha unga, ni kitu kimoja? Nilipowauliza darasa la tano shuleni kwetu Mbagala, Dar es Salaam, mikono ilipaa na zaidi ya nusu wakasema ndiyo. "Si zote robo, mwalimu?" Na hawa ni watoto wanaotumwa dukani kwa Mangi kila jioni: robo ya sukari, nusu ya unga, mafuta ya kupima ya mia tano. Vipimo wanavibeba mkononi kila siku. Haba na haba hujaza kibaba wanaijua pia, ila kati ya watoto 92 hakuna hata mmoja aliyewahi kukiona hicho kibaba chenyewe.

Swali hilo ndilo kazi yote. Programu zitakusaidia kulijibu, lakini ukiziingiza mapema mno zinalifunika: mtoto anabonyeza, anapewa nyota zake tatu, na akifika jikoni anaendelea kumimina kwa macho. Ndiyo maana safari yetu inaanzia dukani, inapita kwenye skrini, inarudi kwenye mizani ya kweli, halafu skrini inaitwa tena pale hesabu zinapoanza kuwashinda vidole.

Vifaa

Usisubiri chumba cha kompyuta. Sisi tulikuwa na kompyuta mpakato tano, mbili kati ya hizo betri zilishakufa na zinaishi kwenye soketi, pamoja na projekta ya kuazima. Programu tulizotumia ni tatu, zote za bure, na ukishaziweka hazidai intaneti. Ya kwanza ni GCompris, mkusanyiko wa michezo ya kujifunzia kwa watoto. Ya pili ni maigizo ya PhET, yaani majaribio ya sayansi na hesabu ya kuchezea kwenye skrini, yanayotengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani; kila igizo jipya unaweza kulipakua kama faili moja linalofunguka kwenye kivinjari, kwa hiyo pakua nyumbani kwa bando la usiku, weka kwenye flashi, umemaliza. Ya tatu ni LibreOffice Calc ya majedwali. Kama kompyuta zenu zina Excel, itumie hiyo. Fomula nitakazotoa zinakubali kote, isipokuwa pale nitakaposema.

Vya jikoni: mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja moja (yetu tuliinunua Kariakoo kwa shilingi 18,000), seti ya vikombe na vijiko vya kupimia, kikombe cha chai cha kawaida kutoka nyumbani, kisado, na jagi lenye mistari ya mililita.

Vikague kabla ya siku ya kipindi. Weka chombo juu ya mizani, bonyeza kitufe cha TARE isome sifuri, kisha mimina mililita 500 za maji ulizopima kwenye jagi. Mizani isome karibu gramu 500, maana mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja. Fanya hivyo hivyo kwa kikombe cha kupimia. Vikombe vinavyofuata mfumo wa metriki vinabeba mililita 250. Vya Kimarekani ni pungufu kidogo, karibu 240, na madukani vimechanganywa bila mtu kukuambia. Vyetu vilisoma 238. Nilitamani kuvirudisha, baadaye nikavifanya somo.

Hatua ya 1: Dukani

Wape kazi ya nyumbani ya siku tatu. Kila mtoto aandike vitu vitatu vilivyonunuliwa kwao kwa kupima, na maneno yaleyale aliyoyatumia dukani au gengeni. Yatakuja mengi: robo, nusu, kisado cha viazi, fungu la nyanya, kikombe cha dagaa, debe la mahindi, mafuta ya mia tano.

Chora ubaoni safu nne: uzito, ujazo, macho, fedha. Wao wenyewe wapange. Fungu la nyanya linaenda kwenye macho, halina ubishi. Kisado kinaenda kwenye ujazo, ingawa muuzaji akikijaza hadi kuweka kilemba tayari kuna macho ndani yake. Vita vinaanzia kwenye mafuta ya mia tano. Acha wabishane. Darasani kwangu mtoto mmoja wa nyuma, ambaye muhula mzima nilikuwa sijamsikia sauti, alisema, "Ya mia tano ya mwaka jana ilikuwa kubwa." Hapo ndipo wakaelewa wote kwamba fedha ni kipimo kinachosinyaa, na kwamba ndani ya kile kikopo cha muuzaji kuna mililita ambazo hakuna anayezitaja. Waambie pia kuna Wakala wa Vipimo, na kazi yake mojawapo ni kukagua mizani za wafanyabiashara. Wengi walidhani kila mwenye mizani anajitungia yake.

Hatua ya 2: Mizani ya kwenye skrini

Hii ni fupi, kipindi kimoja kinatosha. Ndani ya GCompris kuna mchezo wa mizani ya sahani mbili: upande mmoja kuna mzigo, mtoto anaburuta mawe ya mizani hadi pande zilingane. Katika ngazi za juu anatakiwa kuandika uzito wa mzigo mwenyewe. Kuna toleo la gramu na kilo, na kuna jingine la pauni na aunsi. Hilo la pili lifiche, litawavuruga bure.

Kwa wengi hivi, gawa makundi ya watu tisa au kumi, na kila kundi liwe na mshika kipanya, mwandishi na msemaji. Kompyuta ni tano na makundi ni kumi, kwa hiyo nusu wako kwenye skrini na nusu wanatengeneza mizani kwa henga ya nguo, makopo mawili na kamba. Baada ya dakika 15 wanabadilishana. Sheria yangu ni moja tu: haruhusiwi mtu kuburuta jiwe kabla kundi halijasema kwa sauti litakuwa jiwe la ngapi. Bila sheria hiyo mchezo unageuka wa kubahatisha, na watoto wa mjini kwa kubahatisha ni mafundi.

Hatua ya 3: Bika na keki

Fungua igizo la PhET liitwalo *Fractions: Intro*. Linaonyesha sehemu kwa maumbo mbalimbali. Wewe chagua bika (kile chombo cha maabara cha kupimia maji), na baadaye keki. Mtoto anaongeza au kupunguza asili, ile namba ya chini ya sehemu, na kijazo kinapanda au kushuka kwenye bika mbele ya macho yake.

Anza na robo, nusu na robo tatu, maana hizo wanazo tayari kutoka dukani. Theluthi ndiyo ngeni. Hakuna anayenunua theluthi kilo ya sukari, lakini ukifungua seti ya vikombe vya kupimia utakutana nayo, na watoto huishika na kuuliza, "Hiki nusu au robo?" Weka nusu, theluthi na robo kwenye skrini moja baada ya nyingine, waone namba ya chini ikikua na maji yakishuka. Jambo hilo lilinishinda kulieleza kwa chaki miaka kadhaa. Kwenye bika lilichukua kama dakika nne.

Maandishi ya programu nyingi hizi ni ya Kiingereza. Angalia kama igizo ulilopakua lina lugha ya Kiswahili. Kama halina, bandika ukutani manila yenye vitufe vitano sita na maana zake, yatosha.

Hatua ya 4: Kikombe juu ya mizani

Kipindi hiki usikikate. Kikihitaji vipindi viwili, vipe viwili.

Weka mezani bakuli tatu: maji, sukari, unga wa ngano. Kikombe ni kimoja, kilekile, cha mililita 250. Kila kundi liandike kwanza kisio lake: kikombe cha kila kimoja kitakuwa gramu ngapi? Kisio kiandikwe kwa kalamu ya wino ili kisifutwe mizani ikishasema. Kisha pimeni. Maji yatakuja gramu 250 au karibu na hapo. Sukari itasogelea 200 na kitu. Unga ukimiminwa taratibu na kusawazishwa kwa mgongo wa kisu utakuwa karibu 130, pengine zaidi kidogo.

Hapo darasa hunyamaza. Kikombe kimoja, uzito tatu tofauti.

Sasa mwite mtoto mwenye nguvu aushindilie unga kwa kijiko kadiri awezavyo, ajaze tena hadi ukingoni, apime. Wetu ulipanda kutoka gramu 131 hadi 172. "Kwa hiyo unga uleule unaweza kuongopa?" aliuliza msichana mmoja. Nikamjibu unga hauongopi, anayeongopa ni kikombe. Nadhani jibu lilikuwa zuri, ila lilizua mjadala mwingine wa kama muuza mchele anayetikisa kisado anamsaidia mteja au anajisaidia. Tulitikisa kisado chetu juu ya mizani tukajua. Usiwaambie jibu, watikise wenyewe.

Matokeo ya makundi yote yaingizwe kwenye Calc: safu ya kwanza jina la kundi, ya pili kisio, ya tatu kipimo. Chagua safu zote, ingiza chati ya nguzo, mwaga ukutani kwa projekta. Nguzo za kisio na za kipimo zikisimama bega kwa bega, watoto wanaona kundi lipi lilikisia karibu na lipi lilikuwa Kigoma wakati wengine wako Kariakoo. Watacheka. Waache, ila hakikisha unauliza kundi lililopatia lilitumia akili gani. La kwetu lilijibu lilimkumbuka bibi anayeuza unga.

Hatua ya 5: Jedwali la maandazi

Hapa kompyuta inaanza kulipa mshahara wake. Tuna mapishi ya maandazi 20, na tunataka kila mmoja darasani apate lake: 92. Fungua Calc na uandike hivi: safu A kiungo, safu B kiasi cha maandazi 20, safu C kipimo, safu D kiasi kipya. Kwenye seli F1, yaani kisanduku cha safu F mstari wa 1, andika 92.

Mapishi yetu: unga wa ngano gramu 500, sukari gramu 75, hamira ya chenga gramu 7, tui la nazi mililita 275, mafuta mililita 30 ya kukandia, iliki nusu kijiko cha chai, chumvi robo kijiko cha chai. Kijiko cha chai ni mililita 5, kikubwa cha chakula ni 15.

Kwenye D2, mstari wa kiungo cha kwanza, andika: =B2*$F$1/20

Kisha vuta kona ya seli hadi chini. Unga unakuja 2,300, sukari 345, hamira 32.2, tui 1,265, mafuta 138. Futa 92 uandike 40, zote zinabadilika kwa mpigo. Watoto wangu walishangilia kana kwamba Simba imefunga. Nina hakika wapo walioshangilia kwa upande wa Yanga.

Makosa mawili utakutana nayo, nayo ni mazuri kuliko somo lenyewe. La kwanza: mtoto anaandika "500g" ndani ya seli ya B. Kompyuta inaliona hilo kama neno na haiwezi kulizidisha, inatema #VALUE!. Ndiyo sababu ya kuwa na safu C: namba ikae kwake, kipimo kikae kwake. Dalili rahisi ni kwamba namba hukaa upande wa kulia wa seli na maneno upande wa kushoto. Ukiona namba imeng'ang'ania kushoto, ujue imegeuka neno. La pili ni kusahau alama za dola. Dola inaifunga seli isihame. Bila hizo, ukivuta fomula chini, sukari inakwenda kutafuta F2, hamira F3, ambako hakuna kitu, na kila kiungo kinakuwa sifuri. Kundi moja lilisoma kwa sauti: "Unga gramu 2,300, vingine vyote sifuri." Mwenzao akauliza kama hayo ni maandazi au adhabu.

Sasa fundisha kutoiamini. Jedwali linazidisha kila unacholipa, hata kisichozidishwa. Ukiongeza mstari wa muda wa kukaanga, dakika 4, litakwambia dakika 18.4 na halitaona aibu. Andazi moja linaiva kwa muda uleule hata mkiwa elfu. Kinachoongezeka ni mikupuo. Karai letu linabeba kumi kwa mkupuo, kwa hiyo fomula sahihi ni =ROUNDUP(F1/10)*4, yaani mikupuo kumi mara dakika nne. (Hapa ndipo Excel inapotofautiana: itadai sifuri ndani ya mabano, =ROUNDUP(F1/10,0)*4.) Waulize kwa nini tunapandisha na hatushushi. Watajibu haraka: hakuna anayetaka kuwa mmoja wa wale wawili waliobaki.

Hamira nayo iangalie. Donge kubwa linatunza joto lake, na kwa joto la Dar mwezi wa pili linaumuka kabla hujamaliza kunawa. Sisi tulitia gramu 25 badala ya 32 na hakuna lililolala.

Hatua ya 6: Siku ya kupika

Kompyuta zifungwe. Unga, maji na kibodi havikai nyumba moja. Chapisha jedwali au liandike kwenye manila, lipeleke jikoni. Kila kundi linapima kiungo chake, kundi jingine linahakiki kwa kupima upya. Kukaanga afanye mtu mzima peke yake, na watoto wakae nyuma ya mstari wa chaki. Mafuta ya moto hayana mjadala. Uliza mapema kama kuna mtoto ambaye nyumbani wamemkataza chakula fulani.

Tulimwalika mama mmoja mzazi anayeuza maandazi asubuhi karibu na kituo cha daladala. Watoto wakamwamkia, akaitikia marahaba, akakunja mikono ya gauni. Nikampa jagi lenye mililita 1,265 za tui, zimepimwa na kuhakikiwa. Akamimina, akakanda, akamimina tena, kisha akasimama. Kwenye jagi lilibaki tui la kujaza kikombe kidogo.

"Mama, bado hayajaisha," mwandishi wa kundi alimwambia, kidole kiko kwenye manila.

"Unga umekataa, mwanangu. Gusa."

Mtoto akagusa. Donge lilikuwa laini, halishiki kidole.

"Jana ungekunywa hayo yote. Unga wa leo una unyevu wake. Mimi nasikiliza unga, siyo jagi."

Tulipima yaliyobaki: mililita 140. Tukarudi darasani tukabadilisha mstari wa tui. Badala ya namba moja tukaweka safu mbili, kuanzia na kuishia, na hapo ndipo jedwali letu lilianza kufanana na upishi. Kama una muda wa kufanya jambo moja tu kutoka mwongozo huu, mtafute mtu mwenye namba zake mikononi, mwekee mizani chini ya mikono hiyo, na andika kinachotokea. Yule mama tulimwomba akate madonge kumi kwa mazoea yake, tukapima moja moja. Lililokuwa zito kuliko yote lilimzidi jepesi kwa gramu nne. Madonge kumi ya watoto, waliokuwa na mizani, yaliachana kwa gramu kumi na tisa.

Hatua ya 7: Bei

Hii sikuipanga, ilikuja yenyewe mama alipouliza kompyuta ile inaweza pia kuhesabu hela. Ongeza jedwali la pili: kiungo, kiasi, bei ya kipimo, jumla. Tulifanya kwa kilo moja ya unga, inayompa maandazi 40, kwa bei alizotutajia yeye siku ile. Unga 2,000. Sukari gramu 150 kwa bei ya 3,000 kilo, 450. Nazi 1,000, hamira 500, iliki 300, mafuta 1,500.

"Na mkaa je, mama?" aliuliza yule mtoto wa nyuma.

Mama alikuwa hajauhesabu. Siku zote mkaa ulikuwa wa nyumbani, wa kupikia kila kitu. Akakisia 1,000. Fomula ya =SUM ikaleta 6,750. Gawanya kwa 40: shilingi 168.75 kwa andazi moja, analoliuza 200.

Aliiangalia ile namba ukutani kwa muda. Kisha akamwita mshika kipanya, akavuta kiti cha mwanafunzi akakaa karibu naye, magoti yakigonga dawati.

"Mafuta yakipanda wiki ijayo, nibadilishe wapi?"

"Hapa, mama. Hapa tu. Huku chini usiguse, kunajibadilisha kwenyewe."